Mlango wa Mvule Uliofika Dodoma Ukaanza Kusinyaa

Nge wa kwanza kuingia nyumbani kwetu Nzuguni alipita kwenye mlango ulionigharimu laki nne na nusu.

Ilikuwa usiku, Oktoba 2020. Watoto wamelala, nami niko sebuleni napima unga wa keki ya mteja kwa mizani yangu ndogo. Kwenye kona ya chini ya mlango wa mbele, upande wa kitasa, mwanga wa taa ya nje ulikuwa unaingia kwa umbo la pembetatu nyembamba. Agosti, tulipohamia, pembetatu hiyo haikuwapo. Nge akakatiza pale penye mwanga, mkia juu, taratibu, kama mwenye nyumba anayerudi kwake. Nilimmaliza kwa ubao wa kukatia mboga. Kisha nikapiga magoti kuutazama mlango vizuri, na hapo ndipo nikaona mengine. Kona ile ya chini haikugusa fremu tena. Paneli ya juu ilikuwa na ufa wima unaoweza kumeza kadi ya benki. Na sakafuni, chini ya ufa, vumbi jekundu limejichora mstari ulionyooka kana kwamba kuna mtu amelipiga rula.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja Dodoma 2017 kwa uhamisho, mwaka mmoja baada ya serikali kutangaza kwamba safari hii inahama kweli. Mtu wa pwani Dodoma inamshika kwanza midomo, halafu visigino. Mafuta ya nazi, ambayo kwetu ni maji karibu mwaka mzima, asubuhi za Juni huku ni jiwe, mpaka uchote kwa mpini wa kijiko. Kanga ukiianika saa moja, saa mbili na nusu unaikunja. Mvua huja kati ya Desemba na Aprili, na kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 600. Tanga hupata zaidi ya mara mbili ya hizo. Miezi iliyobaki ni jua, upepo na vumbi. Yote hayo niliyaona kwenye ngozi yangu na kwenye nguo zangu. Haikunijia akilini kwamba mbao nayo itayaona.

Kwa hiyo tulipoanza kujenga nikafanya ambalo mtoto yeyote wa Tanga angefanya: nilimpigia simu mjomba. Mjomba ni seremala tangu ujana wake, na kwake mbao ni mvule, zingine ni kuni. Ana haki yake. Mvule mchwa anauogopa, unyevu wa bahari hauuozeshi, na ukipigwa randa unatoa rangi ya asali iliyokolea. Hata mawe yaliyomo ndani yake (mvule huwa na vijiwe vigumu vinavyovunja meno ya msumeno) mjomba huyasimulia kwa fahari, kama mtu anayesifu ukali wa mkwe wake. Akanitengenezea mlango wa paneli nne, akaupaka vanishi ukang'aa, tukaufunga mablanketi na kuupandisha kwenye fuso iliyokuwa inaleta machungwa. Kwenye geti la maliasili wakaomba risiti za mbao, tukawaonyesha, safari ikaendelea. Ulipofika nikaita majirani waje kuuona. Siku hiyo nilijiona nimewapita wote waliokuwa wananunua milango dukani.

Kosa lilikuwa limeshafanyika pwani. Mti ukikatwa unakuwa umejaa maji, na mbao ikianikwa inayaachia mpaka ilingane na hewa inayoizunguka. Kwenye hewa ya Tanga inaishia kwenye asilimia 15 hivi ya uzito wake. Dodoma ya Septemba na Oktoba inataka ishuke mpaka karibu 10. Na mbao ikishashuka chini ya asilimia 30 au pungufu kidogo, kila tone linaloondoka linaondoka na upana. Mbao za mjomba, nadhani, hata hiyo 15 hazikuwa zimeifikia. Kulikuwa na haraka, mimi ndiye niliyemsukuma. Mlango ukamalizia kukaukia ukutani kwangu.

Fremu nayo ilikuwa na historia yake, na hili sitalisema kwa sauti mbele ya mume wangu. Nyumba zetu tunajenga kidogo kidogo. Kuta 2018, bati 2020. Lakini fremu mafundi wanazisimamisha pamoja na kuta, wanazikandika saruji mbichi, halafu wewe unaenda kutafuta hela ya bati. Fremu yetu ya mlango wa mbele ilikaa mvua mbili na kiangazi kimoja kizima bila paa. Tulipokuja kuupachika mlango, mwimo wa kulia ulikuwa umeshajinyonga kidogo, fundi akausawazisha kwa kuchimba bawaba. Kwa macho usingejua. Mlango ulipoanza nao kujinyonga upande wake, vikakutana pale kwenye ile pembetatu.

Novemba nikamwita kijana wa jirani. Akaongeza kipande chembamba cha mbao ubavuni, akaziba ufa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, akapiga msasa, akapaka vanishi. Safi. Desemba mvua ikaanza. Wiki ya pili ya Januari nimevaa, mkoba begani, gari la kazini linapiga honi nje, mlango haufunguki. Nikavuta, nikasukuma, nikaweka mguu ukutani nikavuta tena kwa mikono miwili, mpini wa kitasa ukanibakia mkononi. Nikatokea mlango wa jikoni, nikazunguka nyumba kwenye tope na viatu vya ofisini. Kijana akaja jioni, akapiga randa ubavuni mpaka ukafunguka kwa kidole. Mwezi wa sita pembetatu ikarudi, kubwa kuliko ya kwanza. Tulikuwa tumejaza wakati mlango umesinyaa na tukapunguza wakati umevimba, na mara zote mbili nikatoa hela.

Hapo nikaichukia mbao. Mtu akichukia mbao Dodoma anakwenda kwenye chuma.

Mlango wa pili ulikuwa wa chuma cha dukani, ule wa ndani tupu wenye karatasi mfano wa sega la nyuki katikati ya bati mbili, rangi nyeusi yenye michirizi ya kuiga mbao. Ulikuja na fremu yake, na kitasa chenye makomeo yanayoingia juu, chini na pembeni. Siwezi kuusema vibaya kwa kila kitu. Mchwa hakuugusa. Mwizi aliyejaribu kwa jirani yetu hakujaribu kwetu. Na wale wanaosema chuma huvimba kwa joto mpaka kikakwama wanazidisha: mlango wa chuma wa mita mbili ukipanda nyuzi 40 unaongezeka kama milimita moja tu. Fundi akiacha nafasi ya kawaida, hautakwama.

Shida ilikuwa jua. Kiwanja chetu barabara iko magharibi, kwa hiyo mlango wa mbele unatazama magharibi. Saa sita mchana jua liko juu ya bati, mlango uko kivulini. Kuanzia saa tisa linashuka na kuja kuukodolea macho mpaka linapozama. Mlango ule mweusi ulikuwa unalinywa lote, na chuma hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko mbao. Mwanangu wa mwisho, miaka minne wakati huo, alirudi kucheza akauegemea kwa viganja viwili ili ausukume. Kilio chake nilikisikia nikiwa jikoni. Ngozi haikutoka, lakini viganja vilikuwa vyekundu hadi usiku, na kwa wiki nzima alikuwa akifika mlangoni anasimama na kuita "Mama, nifungulie." Dada yangu ni muuguzi; alipokuja kutusalimia alikuwa na kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso kilichoenea wakati wa korona. Tukakielekeza kwenye mlango saa kumi jioni. Kikakataa kutoa namba. Kimetengenezwa kupima binadamu, na hakuna binadamu mwenye homa ile.

Usiku nao ulikuwa na lake. Dodoma jua likizama baridi inaingia haraka, na bati zile zikianza kupoa zinagonga: tak. Kimya. Tak-tak. Mgeni akilala sebuleni anaamka kuuliza kuna nani. Hodi yenyewe ilipoteza ladha. Mtu anagonga, nyumba nzima inaitika kama debe. Mzee jirani yetu, Mgogo wa hapo hapo tuliyemkuta na mizabibu yake, alikuwa akifika haugongi. Anasimama pembeni anaita salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", mpaka mtu asikie. Siku moja nikamuuliza kwa nini hagongi. Akasema, "Mama, huo si mlango, huo ni sufuria." Ndiye aliyenisimulia tembe alimozaliwa: kuta nene za udongo, paa la udongo, mlango mfupi wa mbao unaouinamia ili uupite, umeingia ndani ya ukuta kiasi kwamba jua halikuufikia kirahisi. Mimi nilikuwa nimeweka mlango sawasawa na uso wa ukuta, upenu wa nusu mita juu yake, nikaugeuza magharibi, nikaupaka rangi nyeusi. Nikauliza mbao, nikauliza chuma, kivuli sikukiuliza hata mara moja.

Mlango wa tatu ulianza 2023 kwa kujenga baraza. Nguzo nne, bati, kina cha mita mbili na nusu. Mume wangu alilalamika kwamba nimeanza kutengeneza mlango kwa kununua saruji. Lakini jua la saa tisa halikuufikia mlango tena, la saa kumi lilifika magotini tu, na lilipoupanda zaidi kuelekea kuzama ukali wake ulikuwa umepungua. Ningekuwa na hela ya kitu kimoja peke yake, ningejenga baraza na kuuacha mlango wowote uliokuwapo.

Fundi nilimpata Majengo, mzee wa Kondoa, mtu wa maneno machache na penseli sikioni. Nikampa shikamoo, nikamweleza habari yote, pamoja na nge. Akaniuliza swali moja: "Mlango ulipopungua, ulipungua na urefu?"

Nikafikiria. Juu haukuwa umepungua. Chini vile vile.

"Haupungui," akasema. "Mbao hainyauki kwa urefu, mwanangu. Inanyauka kwa upana. Sasa kaa hapo nikuonyeshe mjomba wako alikosea wapi."

Akachukua mlango wa mtu mwingine uliokuwa bado haujabanwa, akautandika kwenye meza. Mlango wa paneli, akasema, una mbao za kusimama mbili na za kulala tatu, na paneli ziko katikati yake. Za kulala urefu wake ndio upana wa katikati ya mlango, na urefu wa mbao haubadiliki. Kwa hiyo kinachobadilika ni upana wa zile mbili za kusimama, sentimita 12 na 12. Mlango wa sentimita 90 uliopigwa mbao tupu zilizounganishwa, kati ya Januari na Oktoba unaweza kucheza milimita saba. Wa paneli unacheza mbili. Lakini kwa sharti moja: paneli yenyewe lazima iachwe huru. Akaishika paneli kwa vidole viwili akaitikisa ndani ya mfereji wake, ikatoa mlio mdogo wa mbao kwa mbao. "Hii haina gundi. Haina msumari. Ikinyauka, inanyauka humo humo ndani, hakuna anayejua. Ukiibana kwa gundi pande zote, itakwenda wapi? Itapasuka katikati."

Paneli za mjomba zilikuwa na gundi pande zote nne, na vijimisumari juu yake kwa usalama.

Nilipokuwa narudi nyumbani kwenye bajaji nikakumbuka milango ya Unguja na ya kwetu Pangani, ile ya zamani ya mbawa mbili. Tangu utoto nilidhani mfaa, ile nguzo ya nakshi inayosimama katikati, ni pambo. Kumbe ubawa mwembamba unacheza kidogo kuliko mlango mmoja mpana, na mfaa unafunika mwanya unaobaki kati ya mbawa. Wazee wale walijua mbao zao. Sisi tulirithi nakshi.

Tukachagua mninga. Sababu si uzuri wake peke yake, ingawa ukiukata harufu yake inajaza karakana na wekundu wake hauhitaji rangi. Mninga ni katika mbao zinazocheza kidogo kuliko zingine zote tulizonazo, ndiyo maana mafundi wanaupenda kwa milango na makabati. Mkongo ni mgumu zaidi na ni mzito, nao ni mzuri, ila mlango wa mkongo unataka bawaba nne na watu watatu wa kuupachika. Mtiki ningeuchukua bila wasiwasi, mradi uwe mti uliokomaa, wenye kiini kipana. Mbao nyeupe ya pembeni mchwa anaila kama mkate. Mninga una bei, na umeadimika, na ukiuziwa rahisi gizani jua haukutoka kwa njia halali. Wangu ulitoka Tabora na karatasi zake. Mlango na fremu mpya vilifika laki tisa kasoro, na sehemu kubwa ni mbao.

Mara hii sikukubali kuambiwa "imekauka". Nilimwomba mzee anikatie kipande kutoka katikati ya ubao, si mwishoni ambako hukauka mapema na kudanganya. Nikaenda nacho nyumbani, nikakiweka kwenye mizani yangu ya unga: gramu 412. Nikakitia kwenye oveni ya keki, moto wa nyuzi 100, mlango wa oveni umeachwa wazi kidogo. Nikawa nakitoa na kukipima kila baada ya masaa mawili. Jioni kikafika 363, nikapima tena baada ya masaa mawili mengine, 363. Basi, maji yameisha. Yaliyotoka ni gramu 49. Ukizigawa kwa 363, uzito mkavu, unapata asilimia 13 na nusu. Nyumba ilinukia mninga siku mbili na keki ya asubuhi yake mteja aliniuliza nimetia kiungo gani.

Mzee nilipomletea hesabu yangu alicheka mpaka akatoa penseli sikioni, lakini akakubali. Asilimia 13 na nusu kwa Tabora ya wakati wa mvua si mbaya. Kwa mlango wa Dodoma ilikuwa bado. Akazipanga mbao zile karakanani kivulini, vijiti vya unene sawa kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, miisho akaipaka rangi ya mafuta isikauke haraka ikapasuka. Ilikuwa Mei. Akasema nirudi Agosti. Zamani, anasema, walihesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, ila upepo wa Dodoma unaharakisha. Kusubiri kule ndiko kulikonishinda zaidi ya kutoa hela. Nilipita pale kila Jumamosi nikijifanya naenda sokoni. Agosti nikachoma kipande kingine: asilimia 10 na kidogo. Ndipo akashika randa.

Siku ya kuupachika alinifanyia kitu ambacho sijaona fundi mwingine akikifanya. Kabla ya kuunyanyua, aliulaza mlango akapaka mafuta ukingo wa juu na ukingo wa chini, mara tatu, akisubiri unywe. Miisho ya mbao zile za kusimama iko pale, na miisho ndiyo mdomo wa mbao. Maji yanaingia na kutoka pale kuliko sehemu nyingine yoyote. Usiku ule nilichukua kioo cha mkononi nikaenda kwenye mlango wa mvule, ambao ulikuwa umeegemezwa stoo, nikakiweka chini yake nitazame ukingo. Mbao tupu. Hata tone la vanishi.

Vanishi yenyewe tumeiacha. Vanishi ya kawaida kwenye jua inageuka kigae: inakauka, inakatika, inabanduka magamba kama ya changu, na kuitengeneza ni lazima uipige msasa yote. Tunapaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Nafanya mwenyewe kila mwaka mwezi wa tano, mvua zikiisha: nafuta vumbi, napaka kwa kitambaa, nasubiri dakika ishirini, nafuta yaliyozidi. Kazi ya asubuhi moja. Onyo moja tu, kwa sababu lilitaka kunikuta: kitambaa chenye mafuta hayo usikikunje ukakitupa kwenye ndoo ya taka. Kinazalisha joto chenyewe na kinaweza kuwaka. Kitandaze kwenye kamba nje kikauke kwanza.

Nje ya mlango tumeweka grili yenye wavu wa mbu, rangi nyeupe. Jioni nafungua mbao, nafunga grili, upepo unaingia nyumbani. Usalama ambao niliutafuta kwenye chuma umebaki kwenye chuma, ila chuma chenyewe sasa ni matundu yanayopitisha hewa. Kizingiti ni cha zege, kimenyanyuka, na fremu haigusi udongo mahali popote. Mchwa wa Dodoma hahitaji zaidi ya ncha moja ya mbao iliyofukiwa. Mlango ule wa chuma haukutupwa. Uko stoo nyuma, upande wa mashariki chini ya mwembe, na hapo ni mlango mzuri tu.

Watu wananiuliza alumini na vioo. Sina ugomvi nayo chini ya baraza pana. Juani inaingiza moto na mwanga pamoja, na mipira yake inakakamaa. Plastiki ya rangi nyeupe kivulini inakubali. Ile ya flashi, ya ubao wa unga uliobanwa, ni ya chumbani. Usiitoe nje hata kwa mkopo.

Mzee aliniambia nipime mwanya kwa sarafu. Oktoba, mlango umefungwa, upande wa kitasa ziingie sarafu mbili za mia zilizobebana. Februari iingie moja kwa shida. Nimezifunga kwenye kamba nyuma ya pazia, na watoto wameshazoea kuniona nimesimama pale nachomeka hela mlangoni.

Mjomba alikuja Desemba iliyopita, kwa treni, mara yake ya kwanza kuiona nyumba. Aliusimamia mlango wa mbele muda mrefu mikono nyuma, akauzunguka. Kisha akaisukuma paneli kwa dole gumba. Ikacheza. Akanitazama kwa huruma.

"Fundi wako hakutia gundi."

"Hakutia, mjomba. Imeachwa icheze."

Hakujibu. Akaisukuma tena, akatega sikio, akasukuma ya pili na ya tatu. Sikumwambia lolote kuhusu misumari yake. Chakula kilipoisha akauliza mlango wa mvule uko wapi, na nilikuwa naliogopa swali hilo. Nikampeleka ndani. Mzee wa Majengo alikuwa ameufumua mwaka uleule wa 2023, akazitoa zile paneli kwenye gundi kwa patasi, akaunganisha iliyopasuka, akapunguza upana, akaupachika kwenye chumba cha wageni. Miaka mitatu ya stoo na sebuleni ilikuwa imeukausha kuliko kiwanda chochote. Mpaka leo haujanipa tatizo.

Mjomba akaufungua, akaufunga. Akaufungua tena, taratibu, akisikiliza bawaba. Mara ya tatu akaufunga kwa kidole kimoja, komeo likaingia lenyewe.

"Si nilikwambia," akasema, "mvule hautaniangusha."

Nikamwandalia kitanda humo humo.